Mgeni wa Dini Anakuja: Ulinzi Analipa Nani na Unapangaje Mapema

Kamati nyingi za mapokezi huku Kigoma bajeti zao zinafanana. Mahema, viti, spika, ng'ombe wawili, mchele, vitenge vyenye picha ya mgeni, mafuta ya magari ya msafara, zawadi, alafu huko chini kabisa kuna mstari umeandikwa ULINZI na mbele yake hakuna namba, kuna kistari tu. Ukiuliza unaambiwa aah polisi si wapo. Ni kweli wapo, lakini wanakuja wangapi, saa ngapi, nani kawaandikia, na wale vijana wa getini watakaosimama toka alfajiri mpaka jioni nani anawapa nauli na chakula, hapo kila mjumbe anaanza kuangalia simu yake. Mgeni akishaondoka ndo unasikia kampuni ya ulinzi inadai, mwenye mabati ya uzio anadai, mweka hazina anasema hela ya ulinzi haikupitishwa kikaoni, na Jumapili inayofuata waumini wanatangaziwa mchango mwingine ambao hakuna anayejua ni wa nini. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, ila mwenyeji akibaki na madeni haponi.

Nataka kueleza namna ya kulipanga hili kabla ya kikao cha pili, iwe nyie ni parokia, ushirika, msikiti au huduma ya mtume na nabii, iwe Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu au Tabora, utaratibu ni ule ule. Na msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua niko wapi: kulinda uhai wa watu na barabara ni kazi ya serikali na kodi zetu zimeshailipia, kulinda shughuli yenyewe yaani geti, jukwaa, viti, sadaka na raha ya mgeni ni ya aliyealika, na wale watu wa pembeni wa mgeni, wapambe na mabaunsa, ni wa mgeni mwenyewe. Ukishika hayo matatu mengine yote ni kuyagawa tu, japo kwenye kugawa ndo watu wanagombana.

Anza kwa kujua mgeni wako ni nani mbele ya serikali

Nasema mbele ya serikali, siyo mbele ya Mungu. Kwa muumini kila mgeni wa dini ni mkubwa, lakini bili ya ulinzi haiangalii ukubwa wa kiroho, inaangalia nani kaalika na huyo mtu ana cheo gani cha kidola.

Chukua Papa. Vatican ni dola tangu Mkataba wa Laterano wa 1929, kwahiyo Papa ni kiongozi wa kiroho na hapo hapo ni mkuu wa nchi, akija nchini serikali haina namna ya kusema hayo ni mambo ya kanisa mtajijua. Wazee wa Tabora wanakumbuka Septemba 1990, Papa Yohane Paulo II alipokuja Tanzania alipita Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi, ile haikuwa shughuli ya kamati ya parokia.

Lakini hata kwa Papa ugomvi wa nani alipe upo, tena kwa wenye hela zao. Uingereza Papa Yohane Paulo II alienda 1982 kwa ziara ya kichungaji, kanisa ndo likabeba mzigo wa maandalizi. Mwaka 2010 Papa Benedikto XVI akaenda kwa mwaliko wa kiserikali, Septemba 16 mpaka 19, na safari hii serikali ikabeba gharama za upande wake zilizokadiriwa kwenye pauni milioni 10 hivi bila kuhesabu polisi, kanisa likachangisha mamilioni yake kwa ajili ya misa za hadhara, na waumini wakachangia kupata pasi za kuingia. Watu walioandamana London siku zile walikuwa na mengi moyoni, lakini mojawapo lilikuwa hilo hilo, kwamba mimi siamini, kwanini kodi yangu ilipe. Ukiangalia vizuri utaona kilichobadilika kati ya 1982 na 2010 siyo cheo cha mgeni, ni nani kaandika barua ya mwaliko. Hilo liweke kichwani maana ndo ufunguo wa mambo yote yanayofuata.

Sasa shuka kwetu. Kardinali Protase Rugambwa alikuwa Askofu wa Kigoma toka 2008 mpaka 2012, akaenda Roma, sasa ni Askofu Mkuu wa Tabora na amekuwa kardinali tangu Septemba 30, 2023. Mtu mkubwa sana, ana kura ya kumchagua Papa mpaka afikishe umri wa miaka 80. Lakini siyo mkuu wa nchi, kwahiyo parokia ikimwalika kubariki kanisa jipya, mwenye shughuli ni parokia, na hesabu ya ndani ya uzio ni ya parokia. Vile vile Mufti akialikwa na BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) mkoa, sheikh wa tarika akialikwa kwenye maulidi Ujiji, Askofu Mkuu wa Anglikana akialikwa na dayosisi pale Kasulu, au Wamoravian wa Tabora wakileta mgeni wao kwenye sinodi. Aliyealika ndiye mwenye shughuli, hakuna ujanja hapo.

Balozi wa Papa ni habari nyingine. Yule ni mwanadiplomasia, na Mkataba wa Vienna wa 1961 unaitaka nchi mwenyeji imlinde. Mkitaka kujua kwanini hilo siyo la makaratasi tu, kumbukeni Mei 5, 2013 Arusha, kanisa la Olasiti lilikuwa linazinduliwa, Balozi wa Papa yupo pale pale, bomu likarushwa, watu 3 wakafa na zaidi ya 60 wakaumia. Kwahiyo mgeni wa namna hiyo akija msinyamaze mkidhani wakubwa wanajua, pelekeni taarifa kwa mkuu wa wilaya na polisi mapema mkieleza wazi kwamba ni balozi, halafu waachieni wao walio na kazi hiyo wapange.

Kuna jambo moja wanakamati hawalifikirii kabisa, nalo ni kuongeza mgeni rasmi wa serikali ili shughuli ing'ae. Ukishamwandika kiongozi wa juu wa kitaifa kwenye kadi, usalama unakuwa wa kwao, sawa, hamuwalipi wao, lakini watakuja kukagua na watasema geti hili lifungwe, hema lile lisogezwe, pale pawekwe uzio, gari zisipaki hapa, na kila "lisogezwe" ni hela yenu. Mkiwa na bajeti nyembamba mgeni mmoja anatosha. Wakiwa wawili na wa pili ni wa protokali, wekeni akiba.

Na huyu wa mwisho, mtumishi anayetoka Dar na msafara wa magari meusi na vijana sita wa miwani. Hao vijana hamkuwaomba. Malazi yao, chakula chao na posho zao ni juu ya aliyewaleta, isipokuwa kama mlikubali kwa maandishi, na uzuri ni kwamba ukimuuliza mapema mara nyingi anakubali bila shida, ukimuuliza siku ya tukio getini inakuwa aibu ya kila mtu.

Barua kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), na siyo siku mbili kabla

Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inataka anayeandaa mkusanyiko au maandamano sehemu ya wazi ya umma apeleke taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo hilo si chini ya saa 48 kabla. Watu wanasoma saa 48 wanadhani ndo muda mzuri. Huo ni mwisho, siyo mwanzo. Mkienda siku mbili kabla, askari wameshapangiwa kazi zingine, wengine wako mnadani, wengine kwenye mitihani, wengine wamepelekwa wilaya jirani, hapo ndo mnaanza kuombana. Nendeni mwezi mzima kabla, mrudie wiki mbili kabla, na mrudie tena hiyo wiki yenyewe. Ibada yenu ya kawaida ndani ya jengo lenu siyo inayozungumziwa hapa, lakini mkitoka na maandamano ya kumpokea mgeni toka uwanja wa ndege au stesheni, au mkihamia uwanja wa mpira, mmeshaingia sehemu ya umma.

Barua isiwe na mashairi. Kitu kama hiki kinatosha:

Mkuu wa Polisi (W),
KIGOMA.

Yah: TAARIFA YA MAPOKEZI NA IBADA YA HADHARA TAREHE ____

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunatarajia kumpokea (cheo na jina la mgeni) tarehe ____. Msafara utaanzia ____ saa 3 asubuhi kupitia barabara ya ____ hadi uwanja wa ____, na ibada itaanza saa 5 asubuhi na kumalizika saa 9 alasiri. Tunakadiria watu 6,000. Ndani ya uwanja tutakuwa na vijana wetu wa utaratibu 80, walinzi wa kampuni 20 na wahudumu wa huduma ya kwanza 10, orodha ya majina na simu za viongozi wao imeambatishwa. Tunaomba ofisi yako isimamie usalama wa barabara na wa nje ya uwanja. Aidha tunaomba kujulishwa kwa maandishi kama ipo gharama yoyote tunayopaswa kulipa, ni ya nini, na utaratibu wa malipo yake.

Nakala kwa mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, zimamoto na mganga mkuu wa hospitali iliyo karibu, kwa Kigoma ni Maweni, kwa Tabora ni Kitete. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, hilo ni la lazima, nakala isiyo na muhuri siku ya ubishi haisaidii chochote.

Sentensi ya mwisho ya barua ndo wengi wanaikata wakiona inawatafutia gharama. Msiikate. Mkiuliza mapema kwa maandishi mnajibiwa kwa maandishi, na kama hakuna gharama inabaki kwenye faili kwamba hakuna gharama, asije mtu wiki ya tukio na maneno ya mdomo.

Anayepeleka barua awe mtu mzima anayejua kuongea. Siyo kijana wa kwaya. Mzee wetu mmoja katibu akifika kaunta yule askari mdogo anaanza mwenyewe "shikamoo mzee", mzee anaitikia "marahaba afande, nimeleta taarifa yetu, nisaidie muhuri hapa na jina lako nimkumbuke nani kanipokea", dakika tano kamaliza. Heshima inakwenda pande zote mbili na hakuna anayedhani kaja kubembeleza.

Chora uzio kwanza, bili itajigawa yenyewe

Chukua karatasi, chora eneo la tukio, zungushia mstari pale uzio utakapopita. Nje ya huo mstari ni kwa serikali, maana yake trafiki wa kusimamisha magari, doria ya mtaa, askari wa kukaa tayari, na upelelezi wao ambao wala hamtauona. Ndani ya mstari ni kwenu, yaani vijana wa utaratibu, walinzi wa kampuni, kamba, mabati, taa kama itafika usiku, mafuta ya jenereta maana umeme ukikatika watu elfu sita gizani ni hatari kuliko mwizi yeyote, maji, huduma ya kwanza, na watu wa kuhesabu sadaka na kuisindikiza. Aliyekaa meta moja pembeni ya mgeni muda wote, huyo ni wa mgeni.

Polisi nao wanaingia ndani ya uzio, ndiyo, kukiwa na fujo au uhalifu wanaingia popote na hawakudai kiingilio. Ninachosema ni kwamba msipange askari wa serikali akae anahesabu watu wa viti vya mbele au anazuia watoto wasipande jukwaani, hiyo ni kazi ya vijana wenu, na mkimpa askari kazi hiyo ndo mnaanza kudaiwa posho kwa sababu na yeye anaona kabisa kwamba anawafanyia kazi nyie.

Mfano wa hesabu ya ndani, bei ni za kufikirika tu wewe weka za kwenu. Watu 6,000, mageti 4. Kila geti vijana 8, wanakuwa 32. Jukwaa 10, maegesho 12, njia za katikati ya viti 20, wa akiba 6, jumla 80. Chakula na maji tuseme 5,000 kila mmoja ni 400,000, nauli 3,000 kila mmoja ni 240,000, vizibao vya rangi ili waonekane tuseme 6,000 kimoja ni 480,000, walinzi wa kampuni 20 kwa 25,000 ni 500,000, kamba na mabati ya kukodi 600,000, huduma ya kwanza 300,000. Jumla 2,520,000. Gawa kwa watu 6,000 unapata shilingi 420 kwa kichwa, haifiki bei ya soda. Ukiiona hivyo unajiuliza tulikuwa tunagombania nini, wakati vitenge peke yake vimekula mara tatu ya hiyo.

Vijana wenu msiwadharau. Huku Unyamwezini sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 bila bunduki na wezi wa ng'ombe walihama wenyewe. Mgambo wa kata nao wanafaa wakiombwa kupitia mtendaji na siyo kwa kuokotana kijiweni. Wekeni viongozi wao, mmoja kwa kila geti, awe na simu iliyojaa chaji, na wafanye mazoezi siku moja kabla pale pale uwanjani. Kampuni ya ulinzi mkiichukua, mkataba usomeke walinzi wangapi, toka saa ngapi mpaka saa ngapi, na wakikamata mtu wanampeleka wapi, maana jibu sahihi ni polisi na siyo nyuma ya choo.

Na hapa ndo niseme kwanini nasisitiza ndani ya uzio kuliko nje. Februari 1, 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye ibada ya uwanjani, hawakupigwa na mtu, walikanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Machi 2021 Uwanja wa Uhuru Dar watu 45 walikufa kwenye msongamano wakati wa kumuaga Rais Magufuli, na pale ulinzi wa dola ulikuwa wa kutosha na kubaki. Hatari kubwa ya mgeni wa dini ni upendo wa watu wake, kila mtu anataka kumgusa, kuguswa, kupakwa, kubarikiwa, wote kwa mara moja na wote kupitia sehemu moja. Kwahiyo kama una laki tano ya mwisho na unachagua kati ya mabaunsa wawili wa kutembea na mgeni au kufungua geti la tano na kuliwekea watu, fungua geti. Mgeni akitaka kupaka mafuta au kugusa watu mwambieni mapema foleni zitakuwa nyingi na yeye ndo azunguke, watu wakae. Akikataa, punguzeni idadi ya watu uwanjani. Hili siyo la kuoneana haya.

Mafuta ya gari, bahasha na sahani

Kuna siku mtaambiwa gari lipo ila halina mafuta. Sisemi wote wako hivyo, wapo wanaofanya kazi yao vizuri sana, lakini likitokea mfanyeje? Njia nzuri ni kurudi kwenye ile barua, mnasema kwa upole afande tuliomba tujulishwe kwa maandishi, kama kuna gharama halali tuandikieni na mtupe kontrol namba tulipe. Malipo ya serikali siku hizi yana kontrol namba na yana risiti. Kitu kisicho na kontrol namba wala risiti siyo malipo ya serikali, hata kikiitwa posho, nauli ama maji ya kunywa, na mweka hazina akikiandika kwenye daftari la kanisa anajiandikia kesi.

Chakula ni tofauti, hapo mimi simo kwenye kundi la wakali. Mtu amesimama juani toka saa 12 asubuhi, mmepika, anakula. Ila ale chakula kile kile wanachokula vijana wa utaratibu na wapiga picha, ugali na migebuka wote ugali na migebuka, kwenye hema lile lile, isiwe sahani ya pembeni yenye bahasha chini. Wekeni sahani za askari, zimamoto na manesi kwenye bajeti ya chakula, siyo kwenye bajeti ya ulinzi, kimahesabu inakuwa safi na kimaadili pia.

Halmashauri ichangie?

Hapa ndo pana mvutano wa kweli. Upande mmoja wanasema mgeni anajaza gesti, bodaboda wanapata, mama ntilie wanapata, samaki wa Kibirizi wanaisha sokoni, kwahiyo manispaa inafaidika na ichangie. Upande mwingine wanasema hela ya manispaa ni ya watu wote, Mkatoliki, Mwislamu, Mpentekoste na yule asiyesali popote.

Katiba yetu ibara ya 19 inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Nikiziweka pamoja nasoma hivi: askari kulinda waumini barabarani siyo upendeleo, hata wangekuwa mashabiki wa mpira wangelindwa, lakini hela taslimu toka halmashauri kulipia hema la ibada au walinzi wa jukwaa, hiyo imevuka mstari. Kuhusu gesti na bodaboda, hao waliofaidika ndo waombwe, nendeni na kadi za michango kwa wenye gesti na wenye maduka, wengi wanatoa, tena wanatoa bila kujali dini yako.

Kipimo ninachokitumia mimi ni kumweka mgeni wa upande wa pili kwenye nafasi ile ile. Mnataka manispaa iwashe taa za barabarani zote, izoe taka na ilete boza la maji? Jiulizeni, maulidi ya Ujiji yakija, au mkutano wa injili wa wale mnaowaita wapiga kelele, mtaona sawa wakipewa hivyo hivyo? Kama mtaona sawa, ombeni kwa moyo mweupe na mpewe wote. Kama roho inakataa, basi mlikuwa mnaomba upendeleo. Kigoma tumekaa pamoja miaka mingi, familia moja ina shangazi hajati na mjomba mzee wa kanisa, watu wanaangalia sana nani kapewa nini, hawasemi lakini wanahesabu.

Mkiuza viti, yaani kuna sehemu ya elfu hamsini mbele na sehemu ya bure nyuma, nadhani hoja ya "sisi ni ibada" inapungua nguvu. Hapo mna mapato ya mlangoni, na mkiambiwa mbebe zaidi hata huko nje ya uzio msishangae.

Mgeni mwenyewe mumuandikie nini

Ofisi ya mgeni iandikiwe mara tu akikubali kuja. Waulizeni watu wangapi, magari mangapi, nani anabeba silaha na kibali chake kiko wapi maana OCD atauliza, wanalala wapi na nani analipa. Wageni wanaotoka Burundi au Congo, na sisi wa mpakani tunao wengi, waanze na Uhamiaji mapema kuhusu kibali cha kuja kuhubiri, msije mkamlipia mtu ulinzi wa siku tatu halafu akazuiwa siku ya kwanza.

Na akiahirisha je? Viongozi wa dini wanaahirisha, wana misiba, wana vikao, ndege nazo zina mambo yake. Kwenye barua semeni wazi kwamba akiahirisha chini ya siku saba, zile amana za uzio na kampuni ya ulinzi zisizorudi, ofisi yake itasaidia nusu. Wengine watakataa na siyo dhambi, lakini angalau mtajua kabla hamjalipa, na mtajadiliana na kampuni wapokee asilimia ndogo ya mwanzo badala ya yote.

Hela ikusanywe kabla, kwa jina lake

Ingizeni ulinzi kwenye kadi ya mchango toka siku ya kwanza. Andikeni wazi: chakula kiasi hiki, mahema kiasi hiki, ulinzi na huduma ya kwanza kiasi hiki. Mnaogopa waumini watasema kwanini tumlinde mtu wa Mungu kwa hela? Waambieni hatumlindi yeye, tunawalinda nyie na watoto wenu msikanyagane, mama yeyote anaelewa hapo hapo. Msikusanye kwa kutishia baraka, na familia zisizo na uwezo zitoe nguvu kazi, kijana mmoja wa kusimama getini ni mchango kamili na aandikwe kwenye daftari kama wengine.

Walinzi na vijana walipwe siku ile ile jioni, kila mmoja asaini mwenyewe, kwa sababu vijana wasiolipwa ndo hao hao mwakani hawaji mkiwaita. Mkiwa na watu wawili wa kulipa pale hemani, mmoja anashika orodha mwingine anashika hela, kazi ya watu 80 inaisha kabla ya magharibi.

Ndani ya wiki mbili hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na mstari wa ulinzi uwe peke yake: zilipangwa ngapi, zilitumika ngapi, nani kalipwa, risiti namba ngapi. Vizibao viwe vimerudi vyote 80 stoo, na kama vimerudi 61 basi andikeni 61 na majina ya wanaodaiwa.